Vijiti Kumi na Vinne

Sogea kidogo, rafiki yangu, na kama kuna redio inayolia hapo ulipo, ipunguze. Nataka kukueleza sauti moja, na sauti yenyewe ni ndogo. Mtu anayeongea haisikii. Anayecheka ndiyo kabisa.

Ni sauti ya udongo unapoanguka. Wengi wanadhani ni kishindo, lakini sivyo inavyoanza. Kwanza ni kama mtu anamwaga mchele kwenye ungo: shaa, kidogo tu, kisha kimya. Halafu ni kama mtu ametua gunia la makaa kutoka kichwani: pu. Baada ya hapo kunakuja kimya cha pili, kirefu kuliko kile cha kwanza, na hicho ndicho cha kuogopa, kwa sababu wakati huo ardhi haijamaliza, inapumzika tu.

Niliisikia tena mwezi uliopita. Nilikuwa nimetoka Ngagara, mtaa wa Bujumbura ninakoishi sasa, naenda soko la Jabe kutafuta ndagala. Ngagara pia kuna ndagala, lakini mtu aliyekulia Jabe haamini samaki wa kwingine. Nilipofika kwenye daraja la mto Ntahangwa nikasimama kupumzisha miguu, na kutoka upande ule tuliokuwa tukikaa zamani, nikaisikia. Shaa. Halafu pu. Nikainua macho kutafuta mahali pa nyumba yetu. Hapakuwa na kiwanja wala magofu. Palikuwa na hewa. Ndege mmoja mdogo akapita palepale palipokuwa na chumba cha kulala cha bibi.

Basi ngoja nikueleze ilivyokuwa, pole pole, maana jambo hili nimeliweka moyoni miaka mingi na ningependa ulielewe vizuri.

Bibi alikuwa mama wa mama yangu. Alitoka Uvira, kule Kongo, wakati watu wanakimbia vita, akavuka mpaka na sufuria mbili kichwani na mimi mgongoni. Mama alikuwa na biashara yake ya vitenge, akivuka huku na huku, na tulimwona Jumapili. Kwa hiyo siku sita za wiki dunia yangu ilikuwa bibi. Asubuhi ilianza na adhana kutoka Buyenzi, kisha cherehani ya fundi jirani, tak-tak-tak-tak, kisha kikohozi cha bibi akipuliza mbabula hadi makaa yashike. Nilikuwa na kazi zangu: kuteka maji kwenye robine kabla foleni haijawa ndefu, kufagia uwanja, kuchambua maharage. Jioni bibi alitwanga sombe, majani ya muhogo, akaitia mawese, na harufu yake ilipita juu ya ukuta hata majirani wakaanza kuuliza kama tuna wageni. Sahani tuliziosha nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ndiko korongo lilikokuwa.

Nilipokuwa mdogo sana korongo lilikuwa mbali. Tuliweza kucheza kamba kati ya nyumba na ukingo, na bado pakabaki nafasi ya kuanika nguo za nyumba tatu. Ukichungulia chini uliona mto umejikunyata kati ya mawe, mwembamba, na wanaume wakichota mchanga wa kuuza. Mto wa kiangazi ni mpole, unaweza kuuvuka bila kulowesha magoti. Mvua ikinyesha milimani, hata kama mjini jua linawaka, unashuka ukiwa na rangi ya chokoleti, umebeba migomba na milango ya watu.

Sasa, hapa nataka uelewe jambo moja, kwa sababu wengi hawalielewi hadi leo. Korongo halili ardhi kutoka juu. Linakula kutoka chini. Maji yanachimba miguu ya ukingo taratibu, na juu panabaki pazuri, pana majani, kuku wanadonoa. Unasimama hapo unasema hapa pako imara, kumbe umesimama juu ya mdomo, na chini yake hakuna taya.

Bibi aliligundua hilo mwenyewe, na alipoligundua akafanya jambo lililotufanya tuchekwe mtaa mzima.

Alinunua mzigo wa matete. Akaenda kwa fundi cherehani kuomba vipande vya vitambaa vilivyobaki. Kisha akasimama kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akapiga hatua moja ya mguu wake, akachomeka tete. Hatua nyingine, tete jingine. Kila tete akalifunga kitambaa juu. Alipofika ukingoni vilikuwa vijiti kumi na vinne, vimejipanga kwenye mstari kama watoto wa shule wanaongoja bendera, chekundu, cha maua, cha njano, cha maua tena.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya chai, alitoka akavihesabu. Kisha alizunguka nyumba hadi mbele, akasimama barabarani akatangaza namba kwa sauti, kama muuza maziwa.

"Kumi na vine!"

Nyumba ya fundi ilikuwa inagusana na yetu, na mbele yake palikuwa na barza ambapo wanaume walikaa kucheza bao. Fundi alikuwa pale na cherehani yake, kwa hiyo alikuwa nusu mchezaji nusu mfanyakazi. Mwenyewe wa barza hasa, mwenye kiti chenye mgongo, alikuwa karani mstaafu. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, nayo imepakana na korongo kama zetu. Alikuwa na redio ndogo aliyoibeba kwapani popote alipokwenda, na alikuwa na ulimi. Ndiye aliyempa bibi jina.

"Bonjour, Madamu Enjenieri!" alimwita kila asubuhi. "Leo muto imekula ngapi?"

"Imekula kimoja. Imebaki kumi na tatu," bibi alijibu. "Na weye, umekula?"

Barza nzima ikacheka, karani akacheka zaidi ya wote. "Huyu mama alikimbia vita kule Kongo," alisema, "sasa anakimbia muchanga!"

Fundi naye alicheka, tena huku akimpa vitambaa. "Chukua na hii ya bluu, Bibi. Vijiti yako vivae vizuri, isikuwe vinaenda kwenye muto na matambara."

Bibi alipokea kitambaa, akashukuru, akaenda zake. Hakuchukia. Nilikuwa nikimtazama usoni nikitafuta mahali kicheko kilipomchoma, nisipaone. Siku moja nilimwuliza kwa nini asihesabu kimya kimya, kwa nini lazima atangaze. Alikuwa anachagua mawe kwenye mchele. Akasema, "Namba ukiiweka rohoni, utaibembeleza. Utaiambia subiri kidogo, ongezeka kidogo. Ukishaitoa mudomoni, haibembelezeki tena."

"Lakini watu wanacheka, Bibi."

"Wacheke. Meno yao yapate jua."

Kwake ilikuwa rahisi hivyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na kwangu haikuwa rahisi hata kidogo. Shuleni walishatunga wimbo. Nikipita tu, wasichana wa darasa la juu walianza kupiga makofi: "Kumi na tatu, kumi na mbili, bibi yake hana akili!" Na namba ilipopungua, wimbo ulipungua nayo. Walikuwa wanajua namba ya siku kabla mimi sijafika darasani. Hilo lilinishangaza, jinsi namba ilivyotembea haraka kuliko mimi. Sikujiuliza kwa nini.

Bibi alikuwa ameweka kanuni. Vikibaki saba, tunahama. Tungeenda kwa kaka yake mama, Mutakura, kwenye tambarare. Nilimwuliza kwa nini saba na si kimoja. Akanionyesha vidole. "Tatu ni za muto, ameshazikula chini, sisi hatuoni. Tatu ni za mvua moja kubwa. Na moja ni ya uvivu wetu."

Nilikuwa naiogopa ile saba kuliko nilivyouogopa mto. Nilijua tungehama mchana kweupe, kwa sababu bibi hakuwa na haya ya kitu chochote. Tungepita mbele ya barza, mbele ya soko, yeye na sufuria, mimi na godoro kichwani, na wimbo nyuma yetu. Usiku nililala nikisikia mvua inapiga bati, nikaomba. Sikuomba mto utuache. Niliomba watu wasituone.

Mwaka ule mvua za mwezi wa nne zilikuja na hasira. Vijiti vilikuwa kumi bibi alipoanguka malaria. Alitetemeka chini ya vitenge vitatu, midomo imekauka, na asubuhi ya kwanza alinishika mkono. "Nenda weye. Hesabu, halafu utangaze. Usiseme kimoyomoyo."

Nilihesabu. Vilikuwa tisa. Nikazunguka nyumba, nikasimama barabarani. Barza yote ilikuwa inanitazama, na kwenye robine wasichana wawili wa shule walikuwa wanateka maji.

"Tisa," nikasema.

"Hatusikii!" karani akaita. "Enjenieri mudogo, ongeza volume!"

"Tisa!"

Kicheko kilinimwagikia kama maji ya kuoshea vyombo. Wasichana wa robine walipiga makofi. Karani akasimama kwenye kiti chake akanipigia saluti, na redio kwapani. Nilikimbia ndani, nikajifungia, na hapo ndipo nilipopata akili ya kijinga ambayo sitaisahau maisha yangu yote.

Mchana, niliporudi kutoka shule, vilikuwa vinane. Kimoja kilikuwa kimekwenda na kipande cha udongo. Nilikata tete kwenye uzio wetu, nikafunga kitambaa, nikavisogeza vijiti vyote karibu karibu kidogo, kila kimoja nusu kiganja, hadi vikaenea tisa tena. Ukitazama haraka huwezi kujua. Mstari ulikuwa umenyooka, vitambaa vinapepea.

"Ngapi?" bibi aliuliza kutoka kwenye homa yake.

"Tisa, Bibi. Iko vile vile."

"Mungu ni mwema," akasema, akafumba macho.

Siku ya pili mvua, nikavisogeza tena. Siku ya tatu hivyo hivyo. Sikuhitaji kutangaza, kwa sababu namba isiyobadilika haina habari. Wimbo shuleni ulikufa, hauna mahali pa kwenda. Kwenye barza karani alisema, "Mumeona? Muto imeshiba." Wakarudi kwenye bao lao. Ninakuambia ukweli, rafiki yangu: zile siku zilikuwa tamu. Nilipita barabarani kama mtoto wa mtu yeyote. Na kila jioni, nikiwa naosha sahani kule nyuma, niliisikia: shaa. Pu. Nikagonganisha sahani kwa nguvu ili nisiisikie.

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Mvua ilikatika asubuhi, jua likatoka, kila kitu kikawa kinatoa mvuke. Nilitoka nyuma na bakuli la sahani nikamkuta fundi cherehani ameinama kwenye vijiti vyetu. Alikuwa peke yake, mkasi mkononi, akinyooshea kijiti kimoja kimoja huku midomo inacheza. Aliponiona akaruka kama mwizi.

"Ee, mutoto. Natafuta kitambaa yangu, imepeperuka."

Akatazama huku na huku, kisha akaja karibu, akashusha sauti. "Bado iko tisa, si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema.

Akapumua. "Sawa. Sababu mi nilimwambia mama wa watoto: siku Bibi atasema saba, na sisi tunatoka. Karani naye amesema vile kwake, mi nimesikia. Lakini usimwambie bibi yako. Atatucheka."

Akatabasamu kwa aibu, akaondoka, na punde nikasikia cherehani: tak-tak-tak-tak.

Nilibaki nimeshika lile bakuli. Sijui nikuelezeje. Kumbe wote walikuwa wanahesabu. Ndiyo maana namba ilikuwa ikifika shuleni kabla yangu: iliondoka kwenye midomo ya bibi ikaingia kwenye kila nyumba ya ukingo, ikalala chini ya kila mto wa kitanda. Walikuwa wanamcheka na kumsikiliza kwa wakati mmoja. Na kwa siku tano, waliyekuwa wanamsikiliza ni mimi.

Niliweka sahani chini. Nikasimama kwenye kizingiti, nikatembea hadi ukingo, hatua zangu mbili kwa moja ya bibi. Zilikuwa kumi na mbili. Maana yake sita. Na nilipogeuka kurudi nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekipita kila siku bila kukitazama: ufa kwenye udongo, upana wa kidole, umeanza nyuma ya choo chetu, ukapita chini ya kamba ya nguo, ukaendelea nyuma ya nyumba ya fundi, na nyuma ya nyumba inayofuata, mwembamba, umetulia, kama mstari wa penseli wa mtu anayejua atakapokata.

Nilimwambia bibi nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda. Nilimwambia yote. Nilingoja kofi. Bibi, macho mekundu ya homa, aliuliza swali moja tu.

"Nani mwingine anaamini ile vijiti?"

"Fundi. Na karani. Wote, Bibi."

Akatupa vitenge, akashusha miguu sakafuni. Alikuwa anatetemeka lakini alisimama. "Basi nenda ukaseme. Kwa sauti. Pale pale walipo. Mi natoa mulango."

Mtu asiyekaa ukingoni atashangaa: kutoa mlango? Lakini huko ndivyo inavyofanyika. Nyumba ikihukumiwa na mto, unatoa kwanza kilicho ghali na kisichoota tena: mlango, madirisha, kisha mabati. Matofali ya udongo unayaacha. Mlango uliotolewa ni tangazo. Hakuna aliyekuwa ametoa mlango kwenye mstari wetu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Nilitoka. Ilikuwa saa sita, barza imejaa, wasichana walikuwa robine, na mwanamke wa mandazi alikuwa anapita na beseni lake. Nikasimama pale bibi alipozoea kusimama.

"Sita!"

Karani akageuza kichwa pole pole. "Ngapi?"

"Ni sita! Nilidanganya. Nilivisogeza vijiti. Kuna ufa, umepita nyuma ya nyumba zote!"

Kicheko kikaja, kikubwa kuliko vyote. "Enjenieri mudogo amekosa hesabu!" "Jana tisa, leo sita, kesho atasema kumi na vine!" Mtu akapiga mluzi. Wasichana wakaanza wimbo na kuutafutia maneno mapya. Nami nikarudia, sita, kuna ufa, nikarudia mara ya tatu, na mahali fulani kati ya mara ya pili na ya tatu, jambo la ajabu likatokea. Kicheko kilikuwa palepale, hakikupungua hata kidogo, lakini hakikunigusa tena. Nilikiona kama unavyoona mvua ukiwa ndani. Nilikuwa na namba mdomoni na hapakuwa na nafasi ya kitu kingine. Nikaelewa kwa nini nilikuwa sipaoni mahali palipomchoma bibi.

Cherehani ilinyamaza. Fundi hakuwa anacheka. Alizunguka nyumba yake, tukasikia hatua zake, kisha hatukuzisikia. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alichukua bisibisi akaanza kulegeza kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake.

Nyuma yangu nikasikia mbao zinalia. Bibi alikuwa ametoka na mlango wa mbele, ameuegemeza ukutani, anavuta pumzi.

"Bibi, sasa unaenda wapi na mulango?" mmoja akauliza, bado na kicheko mdomoni, lakini kilikuwa kimeshaanza kupoa.

"Mahali yenye iko nyumba," bibi akajibu. "Njoo unisaidie, ama endelea kucheka, lakini toka njiani."

Alikuja akamsaidia. Mke wa fundi akatoka na watoto na sufuria. Ndani ya saa moja mstari mzima ulikuwa barabarani. Mke wa karani naye alitoka, ameshika watoto wawili mkono, hakumtazama mumewe. Karani alibaki kwenye kiti chake chenye mgongo. "Mi sihamishwi na mutoto," alisema. "Mi si mukimbizi." Akaongeza sauti ya redio.

Tulipita mbele yake, mimi na godoro kichwani, kama nilivyoota katika ndoto zangu mbaya. Sokoni walitucheka, ndiyo. Wauza vitunguu waliuliza kama tunauza nyumba kwa vipande. Nilitembea shingo imenyooka, kwa sababu godoro halikubali uiname.

Mvua ya milimani ilishuka alasiri, huku kwetu jua linawaka. Jioni, watu wa Buyenzi wakiwa wanaitwa kuswali, ukingo ulikwenda, wote kwa pamoja, ukifuata ule ufa kama kitambaa kinavyofuata chaki. Tulikuwa tumefika Mutakura, hatukusikia kitu. Tuliambiwa.

Karani alikuwa ndani. Watu waliomwona mwisho walisema alasiri alianza kwenda na kurudi mlangoni, anachungulia barabara, kisha anaingia. Hawakuelewa anatafuta nini. Siku ya pili waliokuwa wakichota mchanga waliliona godoro lake kule chini, limenasa kwenye mawe. Lilikuwa limekunjwa vizuri na kufungwa kamba, tayari kwa kubebwa.

Ndipo tukaelewa. Alikuwa amekubali kuhama. Alikuwa anangoja giza, ili watu aliowachekesha miezi yote ile wasimwone anatoka.

Nilimwuliza bibi kama ni vijiti vyangu vilivyomuua. Hakunidanganya, ndivyo alivyokuwa. Alisema, "Siku tano ni zako, utazibeba. Lakini toka saa sita mpaka magharibi, ile ilikuwa yake." Nimezibeba. Siku zingine ni nyepesi.

Bibi alikufa miaka mingi baadaye, kitandani, kwenye tambarare, na hata huko walimcheka kwa kuuliza kila mtu maji ya mvua yanaelekea wapi. Barza haipo. Robine haipo, wala ule uwanja tuliochezea kamba. Harufu ya sombe ya bibi nimejaribu kuirudisha jikoni kwangu na sijaweza. Vyote vimekwenda chini na mto, vikafika ziwani, na ziwa lenyewe siku hizi linapanda, linaingia kwenye nyumba za watu bila kubisha hodi.

Siku ile ya ndagala nilikaa darajani hadi jua likanichoma. Ng'ambo, kwenye ukingo mpya, nyuma ya nyumba mpya, kulikuwa na mama mmoja kijana. Alikuwa anachomeka vyuma vya ujenzi vilivyopinda, kila kimoja amekifunga mfuko wa plastiki. Vijana wawili waliopita na pikipiki wakampigia honi, mmoja akapaza sauti, "Mama, unapanda vyuma vitaota?" Hakugeuka. Alipiga hatua moja, akachomeka. Nikahesabu kutoka pale nilipokuwa. Vilikuwa vinane.

Nikavuka daraja, nikaenda kumwambia kuhusu ufa.

Nawe, kama unaishi karibu na maji, ya mto au ya ziwa, kesho asubuhi kabla ya chai simama kwenye kizingiti chako. Tembea hadi ukingoni, ukihesabu hatua. Kisha rudi mbele ya nyumba, mahali ambapo majirani wanakusikia, na uitaje namba kwa sauti.